Mvua za Jumamosi

Wanawake wengine humwonea mke mwenza wivu kwa sababu ya shamba, au vitenge, au watoto wa kiume. Mimi nilimwonea wangu wivu kwa sababu ya mkebe wa mvua.

Mume wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Rangwe. Kabla ya uhuru serikali ilimpa kibali cha kupima mvua nyumbani kwake na kupeleka ripoti Homa Bay kila mwisho wa mwezi. Mshahara haukuwapo. Alipewa mkebe wa shaba wenye mdomo wa faneli, bilauri ndefu yenye mistari, na kadi za kuandikia. Mkebe ukasimikwa uwanjani kwa mke mkubwa, ambaye sisi Wajaluo humwita mikayi, maana kwetu kila jambo huanzia kwa mikayi. Mbegu ya kwanza huingia ardhini kwa mkono wake, na mdogo hungoja. Basi mvua nayo ikaanzia kwake.

Kupima kulikuwa saa tatu asubuhi, kila siku, iwe imenyesha au haikunyesha. Saa hiyo mwalimu alikuwa darasani, kwa hiyo alimfundisha mke mkubwa kuhesabu mistari. Jioni alikwenda kwake na kadi akaandika. Jioni zote, hata zile zilizokuwa zamu yangu. Ugali wangu ulipoa mezani huku nikiwasikia: ilianza saa ngapi, ilitoka upande wa ziwa au upande wa Kisii, ilikuwa na mawe? Na kucheka. Mpaka leo sijui mvua ina kichekesho gani.

Siku moja tu katika wiki ilikuwa yangu. Mke mkubwa alikuwa Msabato. Kanisa lilimfuta mwalimu daftarini aliponioa mimi, lakini yeye lilimbakiza, na Jumamosi hakugusa kazi ya aina yoyote. Mimi, Mkatoliki, nikapewa bilauri siku hiyo. Mwalimu hakuwa na shule wala kanisa, akawa anakuja mwenyewe kunitazama nikimimina. Mkebe ukiwa mkavu, aliandika sufuri amesimama, akaenda kuona ng'ombe wake. Ukiwa na maji, aliketi kwangu, akauliza maswali yale yale, akanywa chai, nikamwongeza.

Nikaanza kuomba mvua ya Jumamosi. Ilipochelewa, niliisaidia.

Nilizaliwa Nyatike, jirani na machimbo ya Macalder, na baba yangu alichekecha dhahabu. Huko niliona watu wakinyunyiza vumbi la dhahabu kwenye mchanga wa shimo lisilo na kitu, ili mnunuzi akija aingiwe na tamaa. Basi asubuhi ikiwa na wingu, au manyunyu yakiwa yamepita, nilichota nusu kikombe mtungini mwangu nikaongeza mkebeni. Kwanza mara moja kwa mwezi, halafu nikanogewa. Sikujiona mwizi. Mwizi huondoa, mimi nilikuwa naongeza.

Mwaka wa pili baada ya uhuru ikaja barua. Vibali vyote vya kupima mvua vilivyotolewa na serikali ya zamani vingekwisha mwisho wa mwaka. Aliyetaka kuendelea aombe upya, na afisa angekuja kukagua kadi za nyuma kabla ya kibali kipya kutolewa. Mwalimu aliisoma barua ile mara tatu. Watu walimheshimu kwa ripoti ile kuliko kwa ualimu wake. Chifu mwenyewe alikuwa akipita kumwuliza kama ni wakati wa kupanda. Bila kibali mkebe ungeng'olewa, na ripoti ambayo hakuwahi kuikosa hata mwezi mmoja ingeishia hapo. Wiki nzima hakulala vizuri. Mimi nililala vibaya kumshinda, maana nilijua kilichomo ndani ya zile kadi.

Afisa alifika na Landirova kutoka Homa Bay, kijana wa Pwani mwenye Kiswahili kilichonyooka. Akapanga kadi mezani, akatoa na kadi za wapimaji wengine wa karibu, akawa anapitisha kalamu huku na huku. Sisi wake wawili tulisimama ukutani.

"Mwalimu," akasema, "mvua yako yaipenda sana Jumamosi. Wenzako hawaipati. Hata Januari, kila mtu kakauka, wewe Jumamosi wanyeshewa. Nani apima siku hiyo?"

Mwalimu alitazama kadi, kisha akanitazama mimi. Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zilikuwa zimetimia mbele ya mgeni.

Mke mkubwa ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Bwana, hiyo makosa ni yangu. Ijumaa mimi iko na haraka ya kupika chakula ya Sabato. Maji ingine nasahau kumwaga. Sasa huyu Jumamosi anapata yangu na yake, anapima yote."

Afisa akafunika kalamu. Alisema kibali atakiandika upya, ila kwa sharti moja: mpimaji awe mmoja, siku zote saba.

"Jumamosi mimi hapana," mke mkubwa akasema.

Basi jina langu ndilo lililoandikwa kwenye fomu. Nilipaswa kumshukuru, na sikuweza, kwa sababu ya wivu. Hata kosa langu alilichukua yeye, akalivaa mbele ya watu, likampendeza.

Jioni aliniletea bilauri, imefungwa kwa kitambaa safi.

"Shika, Nyar Nyatike," akasema. Kwetu mke huitwa binti wa kwao. "Kazi si ngumu. Lakini kwangu ilikuwa inatoka juu."

"Ulijua?"

"Jumamosi si napita hapo nikienda kanisani? Viatu vyangu havikuloa."

Hakuniuliza kwa nini. Kesho yake mkebe ukahamishiwa uwanjani kwangu, nami niliusimamia mwenyewe ukichimbiwa. Nilimwona mke mkubwa mlangoni kwake akitazama, nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi sana.

Jumamosi ya kwanza ilinyesha mvua ya Mungu. Mwalimu akaketi kwangu, akauliza, akanywa vikombe viwili. Mke mkubwa alikuwa kanisani.

Jumapili ilinyesha zaidi, na mawe juu yake. Nilikuwa na majibu yote tayari: ilianza alfajiri, ilitoka upande wa Kisii, mawe yalikuwa kama punje za mahindi. Kiti nilikuwa nimekipanguza, chai ilikuwa jikoni. Mwalimu aliandika amesimama mlangoni, akapuliza wino ukauke, akasema, "Vizuri." Kisha akaiweka kadi chini ya koti isilowe, akavuka uwanja wenye matope hadi kwa mke mkubwa. Nilibaki nimeshika bilauri, nikamsikia akimwuliza ilianza saa ngapi.