Mikaratusi Iliyobaki kwenye Ramani

Kwa muda mrefu nilikana, hata mbele ya kamati, kwamba ile mikaratusi niliiacha kwenye ramani kwa ajili ya mama yangu. Nilisema inakinga upepo. Mtu aliyesoma chuo kikuu hakosi la kusema.

Shule ya wasichana niliyosomea, karibu na Wamagana, ilitaka kujengwa upya kwa njia isiyoharibu mazingira. Mimi, mwandishi wa makala za kugombeza wakata misitu, nikapewa uenyekiti wa kamati ya ujenzi. Tulipanga vizuri: matangi ya mvua, madirisha ya kupokea jua la asubuhi, majiko yasiyokula kuni nyingi. Likabaki bonde chini ya bweni, ambako chemchemi ilikuwa ikififia. Kila mtu wa Tetu anajua mkaratusi hunywa maji kama ng'ombe aliyetoka kulamba chumvi. Mchoraji wa ramani alitaka safu nzima ya mikaratusi iliyokuwa hapo ikatwe, ipandwe miti ya kienyeji.

Lakini safu hiyo ilipandwa na akina mama siku ya harambee ya kujenga shule, mama yangu akiwa mbele, mimi mgongoni mwake. Kila nikimtembelea aliuliza, "Ile miti yangu bado iko?"

"Iko, mama."

Basi ikabaki. Kiangazi kikaja, matangi yakakauka, chemchemi ikawa tope. Wasichana wakaanza kupandisha maji kutoka mtoni kabla ya masomo.

"Dada," mwalimu mkuu aliniambia, "huo upepo tunaukinga tukiwa na kiu?"

Nilicheka. Wiki hiyohiyo msichana mmoja aliteleza na mtungi wake, akavunjika mkono. Hata hapo sikubadili ramani.

Kisha akina mama wa kanisa wakaitembelea shule, na mama akaenda nao. Siku chache baadaye nilikuwa nyumbani kwangu Skuta simu ilipolia. Mama huniita mama, maana nina jina la mama yake.

"Mama, unasikia hiyo msumeno? Ni miti yangu. Nimeongea na mwalimu mkuu."

"Lakini kila siku ulikuwa unaiulizia!"

"Nilitaka kujua mtakata lini! Tulipanda tupate mbao ya paa ya shule. Paa si iliisha kitambo? Ati watoto wabebe maji ndio unihurumie mimi. Nani alikutuma?"

"Hakuna, mama."

"Haya. Ukuje Jumamosi na jembe. Na upitie kwa huyo msichana wa mkono kwanza."