Betri ya lithium kwenye trela yangu ilivyonifanya nisimsikie mke wangu kwa siku kumi na tisa

Wakuu, niaje.

Hii story nimeiandika nikaifuta mara tatu. Leo naiacha ilivyo. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni mtu wa Mombasa lakini Nairobi nimekaa miaka mingi. Naishi Riruta, nafanya ukarani kwenye ofisi moja ya clearing, ya kutoa mizigo forodhani, huko tao. Mke wangu Zuhura ni mwalimu wa primary. Binti yetu Nuru yuko boarding.

Mwaka jana tulinunua trela ndogo ya kulala, ile ya kuvutwa na gari. Familia moja ya Kitisuru ilikuwa inahama nchi, ikatuuzia. Ndani kuna kitanda, sinki, friji ndogo na meza ya kukunja. Juu kuna paneli mbili za sola.

Mpango ulikuwa Agosti tuzunguke. Magadi, Naivasha, popote. Zuhura ndiye alikuwa na hamu zaidi, hata mapazia alishona mwenyewe.

Betri ya zamani ilikuwa imekufa. Nikaitoa, nikaweka ya lithium.

Kwa wasiojua, hizi betri zina kifaa ndani cha kuzilinda. Kikihisi kitu hakiko sawa, kinakata umeme wote, giza. Halafu zinakuja na app. Unaona kwenye simu betri imejaa asilimia ngapi, inapokea kiasi gani, inatoa kiasi gani.

Wakuu, mtu kama mimi hafai kupewa app kama hiyo.

Julai ya Nairobi mnaijua, jua linaweza kupotea wiki nzima. Isitoshe, plot yetu imezibwa na ghorofa ya jirani, paneli moja inapata mwanga asubuhi, nyingine mchana. Betri ikawa inapanda hadi sitini, inakwama. Nikiwasha friji, tap! Imekata.

Nikaanza kuwinda tatizo. Nafungua nati zinazoshika waya kwenye betri, nasugua, nafunga. Nabadilisha waya. Kesho nafungua tena.

Na ile app inashika ukiwa karibu na betri tu, kwa hivyo ofisini kulikuwa hakukaliki. Mwili uko tao, akili iko Riruta. Nikawa natoka kazini mapema na visingizio vya ajabu. Nikifika, hata viatu sivui, napitia kwa trela kwanza.

Zuhura alikuwa anakuja kusimama pale mlangoni mwa trela.

"Baba Nuru, nina neno."

"Ngoja kwanza nione imefika ngapi."

Anasimama kidogo, anarudi ndani. Na mimi wala sikumfuata kumuuliza ni neno gani.

Siku moja asubuhi nikafungua kifuniko cha betri nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Ganda la waya mmoja lilikuwa limeyeyuka pale unapoingia kwenye betri. Hapo niliogopa kweli. Trela yenyewe iko mita chache kutoka dirisha la jirani mwenye watoto wadogo.

Jamaa mmoja wa ofisini akanielekeza kwa fundi mzee anaitwa Bwana Surjit, karakana yake iko nyuma ya nyumba yake, si mbali na Adams Arcade. Amefanya umeme wa magari maisha yake yote.

Jumamosi nikafunga trela kwa gari. Zuhura akasema, "Nakuja nawe." Nilishangaa, maana Jumamosi huwa anasahihisha madaftari. Lakini nilifurahi. Njia nzima nikamweleza habari za ampea na volti. Yeye anaangalia nje.

Bwana Surjit aligusa waya mmoja mmoja kwa vidole, polepole, hadi nikataka kumsukuma. Halafu akaniambia, "Nenda hapo Adams, nunua waya mnene na vichwa vyake. Mama abaki hapa anywe chai."

Nikaenda. Duka la kwanza hawakuwa na saizi ile. La pili mwenyewe ametoka, nikamsubiri nikizunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Ilinichukua kama saa nzima.

Kurudi, mzee akanionyesha nati.

"Hii umefungua mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Ilikuwa imelegea, hata kwa kidole inazunguka. Betri yako ni nzima kabisa. Waya ulikuwa unachemka hapa, betri inajikinga, inakata. Na hata hiyo namba unayoiona kwenye simu inadanganya, kwa sababu betri haijawahi kujaa hadi mwisho ipate kujipima. Huu ugonjwa umeuleta wewe mwenyewe, na mkono wako."

Nikanyoosha mkono nichukue spana. Hakunipa.

"Nitafunga mimi. Simu pia niachie. Wewe nenda kwa mama, ana neno."

Nilidhani amechoka kungoja, anataka twende nyumbani.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye ngazi ya trela na kikombe mkononi. Nikakaa kando yake.

"Nina uvimbe," akasema. "Titi la kushoto. Nilienda hospitali, wakachukua kipimo. Majibu ni Jumanne."

"Umeujua lini?"

"Siku kumi na tisa leo."

"Zuhura! Mbona hukuniambia?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Nimekuja kukwambia mara tatu, Baba Nuru."

Akanitajia hizo mara tatu, moja moja. Na mimi nikazikumbuka. Ile ya pili betri ilikuwa asilimia arobaini na moja. Namba naikumbuka hadi leo. Uso wake siku hiyo siukumbuki.

Nililia pale kwa watu, wakuu. Sioni aibu kusema.

Jumanne tulienda pamoja. Ilikuwa kansa, lakini ndogo, haijasambaa. Agosti yetu yote ikaishia hospitali. Alifanyiwa operesheni, kisha dawa za miezi, nywele zikatoka, chakula hakikai. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa tu kando ya kitanda, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nimewahi kufanya. Mguu unacheza wenyewe. Nainuka, nauliza nesi maswali yale yale, nanyoosha shuka iliyonyooka.

Siku moja akanishika mkono. "Hapa huna cha kutengeneza, mume wangu. Kaa."

Nikakaa.

Dawa zilikwisha, na kipimo cha mwisho kimetoka kizuri, alhamdulillahi. Ataendelea kuangaliwa. Magadi tumeshafika, tulikaa siku tatu.

Huko Magadi ndiko nilimuuliza kitu kilichokuwa kikinikereketa miezi yote ile. Ilikuwaje akamwambia mzee asiyemjua hata dakika thelathini, na mimi mumewe nikawa wa mwisho kujua?

Akaniambia hivi:

"Aliniuliza mbona sinywi chai. Basi akazima redio yake, akavuta kiti, akakaa. Sikuweza kujizuia."

Hakuna kingine alichofanya yule mzee.

Wa mambo ya sola, nati ikazwe mara moja, vizuri, na uachane nayo. Mkiwa na maswali ya waya ulizeni, nitajibu ninachojua.

Lakini nataka kusikia hasa kutoka kwa nyinyi mlio kwenye ndoa. Kuna mtu nyumbani amekuja mlangoni kwako wiki hii akasema ana neno, ukamwambia angoje? Kama yupo, funga huu uzi kwanza uende. Comment utaandika ukirudi.