Mzee Aliyeniomba Nisirekebishe Sauti

Nitakusimulia jambo lililonikuta kijijini Mgwashi kwa utaratibu ule ule ninaoutumia kumfundisha mteja rimoti yake: polepole, na ukikwama tunarudi nyuma pamoja. Ila naomba kitu kimoja. Usiniambie nilisinzia. Fundi aliyepanda ngazi na waya mdomoni hasinzii. Ilikuwa mchana, nilikuwa macho, na nilichokunywa ni chai tu, tena bila sukari.

Kazi yangu ni kufunga sinema za nyumbani. Watu wa Lushoto mjini husema ninafunga muziki, nami nawaachia tu, japo muziki ni sehemu ndogo ya kazi yenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimetumwa na kijana anayeitwa Juma, anayefanya kazi Tanga. Alikuwa amemnunulia mama yake projekta, spika tano na sabufa, akaniomba nipande milimani nikamfungie.

Nilifika kwa pikipiki huku ukungu umeshuka kiasi kwamba migomba iliyo hatua chache kutoka barazani ilionekana kama watu wamesimama. Mama yake Juma, Bi Hadija, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Sikio la kushoto limeshahama, na hili la kulia linafunga mizigo."

"Shikamoo!"

"Marahaba. Sasa sikiliza, fundi. Juma amekwambia nataka sinema? Sitaki sinema mimi. Nataka kumsikia baba yake."

Akanieleza. Binti yao alipoolewa, harusi ilifanyika pale pale nyumbani. Wanaume walikaa uwanjani mbele ya nyumba, wanawake jikoni na nyuma ya nyumba, kama kawaida. Marehemu mumewe alisimama kutoa nasaha kwa mkwe, akasema neno, na wanaume wote wakaangua kicheko hadi sufuria zikasikia. Alisema nini? Hakuna aliyemwambia. Alimuuliza mumewe mpaka siku anaingia kaburini, jibu likawa lile lile: "Niliwashukuru wageni."

"Wageni gani wanashukuriwa wakacheka vile?" Bi Hadija aliniuliza, kana kwamba na mimi nilikuwepo. "Harusi ilirekodiwa video, na Juma kaitoa ile kanda kaiweka kwenye flashi. Nimejaribu kwenye simu, nasikia vumbi tupu. Daktari amesema na sikio hili halina muda mrefu. Kwa hiyo fanya haraka, lakini fanya vizuri."

Basi nikaanza kazi, naye akaenda jikoni, kibanda kilicho nje nyuma ya nyumba.

Nikueleze kidogo, maana huenda na wewe una projekta imekaa kwenye boksi kwa kuogopa. Usiogope. Kitu cha kwanza ni giza. Projekta haiwezi kupaka rangi nyeusi ukutani, inaweza tu kutomulika mahali fulani. Kwa hiyo chumba kikiwa na mwanga, nyeusi yako itakuwa kijivu na watu wote watafanana na maiti. Nilitundika mablanketi madirishani. Kisha nikawasha picha ya majaribio, ile yenye mistari mipana ya rangi, nikaielekeza kwenye ukuta mweupe, nikaisogeza mpaka pembe zote zikakaa sawa. Rangi zilitulia pale kama khanga mpya. Nikajisifu peke yangu.

Nilipogeuka, kulikuwa na mzee amekaa kwenye kiti kikubwa.

Alivaa koti la kijivu, kofia ya kufuma na mabuti ya mpira. Nikajua ni jirani. Huku kwetu jirani hapigi hodi kukiwa na kitu kipya ndani ya nyumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo fundi?"

"Sijambo. Karibu."

"Nikaribie wapi tena, na nimeshakaa?"

Nilimpenda hapo hapo. Akanyoosha kidole kwenye spika niliyoiweka chini ya picha, katikati. "Na kisanduku hiki peke yake hapa ni cha nini?"

Sasa mimi ukiniuliza swali kuhusu spika umenipa zawadi. Nilimweleza kwamba spika za kushoto na kulia zinaleta upana, zile mbili za pembeni zinakaa usawa wa masikio ili ujione uko ndani ya tukio, lakini hiyo ya kati ndiyo ya maneno. Mtu akizungumza kwenye picha, sauti yake kwa sehemu kubwa itatokea hapo. "Ikikaa vizuri, mzee, hata aliyenong'ona unamsikia."

"Hata aliyekufa?"

"Ilimradi alirekodiwa."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Na ikikaa vibaya?"

"Atasikika kama yumo ndani ya pipa."

"Basi ikalishe vibaya."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaona nimwondoe kwenye mawazo kwa kumshirikisha kazi, kwa sababu ilikuwa zamu ya sabufa, na sabufa ina mchezo wake. Ukitaka kujua ikae wapi, iweke kwanza kwenye kiti atakachokalia msikilizaji, cheza wimbo wenye besi, halafu wewe utambae sakafuni kuzunguka kuta. Pale utakaposikia besi imetulia, haivumi kupita kiasi wala haipotei, ndipo mahali pake. Jaribu kwako, utanishukuru.

"Mzee, samahani," nikasema. "Naomba uhamie mkekani kidogo, sabufa ikae hapo."

Unajua nilichokifanya? Wewe unayetoka kwenye nyumba yenye kiti cha baba unajua. Watoto wanakikwepa hata baba akiwa safarini. Mzee alinitazama, akaitazama sabufa.

"Mghoshi," akasema, na Kishambaa alichonigeuzia kilikuwa cha baridi, ingawa neno lenyewe ni la heshima kwa mwanaume, "yaani mimi nishuke, kisanduku kipande?"

"Kwa muda mfupi tu, mzee."

Alishuka. Nadhani ni udadisi tu uliomshinda. Nikapandisha sabufa kitini, nikawasha wimbo, nikaanza kutambaa. Nilipofika karibu na kabati nikahisi kuna mtu nyuma yangu. Mzee naye alikuwa anatambaa, koti linaburuta, sikio kalitega chini.

"Hapa inanguruma," alisema.

"Ndiyo. Twende mbele."

"Hapa imekufa."

"Umeelewa vizuri sana, mzee." Na kweli alikuwa ameelewa. Huwa nawasifu wateja, lakini huyu alistahili.

Sabufa tukaipatia mahali karibu na mlango. Nikachomeka flashi kwenye projekta, nikajaribu sauti ya ile harusi bila hata kutazama picha, kwa kuwa nilikuwa nimeinamia waya. Loo! Maneno yalikuwa yanagonga ukuta huu, yanarudi kugonga ule. Sakafu ya saruji, kuta tupu, bati juu bila dari. Ukipiga kofi unajibiwa. Nikazima, nikarudisha ile mistari ya rangi, nikakaa chini nimeshika kichwa.

"Spika nzuri, chumba kibaya," nikamwambia mzee. "Kina mwangwi. Mama wa watu hatasikia kitu."

"Mwangwi umo humu tangu nilipo... tangu kilipojengwa," akasema, naye kwa maringo kidogo. "Hata redio ilikuwa haisikiki. Ila msimu wa mahindi, magunia yakipangwa hapo nyuma na huku pembeni, ukiifungua unasikia mpaka mtangazaji anavyomeza mate."

Nikaruka. Magunia! Gunia la mahindi linameza sauti kuliko pazia la bei mbaya. Na magunia nilikuwa nimeyaona stoo, yamejaa.

Mzee aliziba mdomo kwa mikono miwili. "Nimesema nini mimi?"

"Umeokoa kazi, mzee."

"Usiyaingize. Fundi, nakuomba. Acha sauti iwe mbaya kidogo. Yule mama usimwone mpole."

Kisha akainuka kwa hasira, akaelekea mlangoni, na njia ya mlangoni ilipita mbele ya projekta. Nikasubiri kivuli chake. Hakikutokea. Alipita katikati ya mwanga na mistari ya rangi ikabaki ukutani mizima, wala haikukatika hata chembe.

Wazo langu la kwanza lilikuwa gani? Nakuambia bila haya. Niliwaza: hii projekta ni nzuri sana.

Nilitoka kumwita Bi Hadija. Nikamwambia jirani yake mmoja amenisaidia wazo la magunia.

"Jirani gani? Wanaume wote leo wako gulioni."

"Mmoja amebaki," nikasema, nikaanza kuburuta magunia. Bi Hadija alisukuma kutoka nyuma, ana nguvu yule mama. Tulipomaliza nikapiga kofi. Likafa hapo hapo. Nikamkalisha mkekani, sikio la kulia kwenye usawa wa spika ya kati, nikawasha.

Uwanjani kwenye picha palijaa kanzu. Mtu mmoja akasimama, koti la kijivu, kofia ya kufuma. Akaivua, akaivaa tena.

"Ndiye huyo," Bi Hadija akasema taratibu. "Baba Juma."

Mimi miguu ilikuwa imeshaondoka bila mwili. Nilitaka kukimbia, lakini kati yangu na mlango kulikuwa na gunia, na juu ya gunia, niamini, palikuwa na mbonyeo, kama mtu amejikunyata pale amejifunika uso.

Sauti ikatoka safi kabisa: "Mkwe wangu, binti nimekupa, na tabia njema kachukua kwa mama yake. Omba tu asiwe amechukua na sauti. Mama yake akiimba jikoni kuku wanahama mji. Mnaniuliza kwa nini nalima bonde la mbali na shamba ninalo nyuma ya nyumba? Haya, leo mmejua."

Kicheko kikalipuka kwenye spika zote tano.

"Bonde!" Bi Hadija alisimama. "Aliniambia udongo wa kule ni mweusi! Miaka yote nateremka na chakula kichwani, napanda na vyombo, magoti yamekwisha, kumbe ananikimbia? Baba Juma wewe!" Akaendelea kwa Kishambaa, akiusuta ukuta, na mbonyeo wa kwenye gunia ukazidi kuzama.

Lakini sikio la fundi halina likizo. Chini ya kicheko cha wanaume kulikuwa na maneno mengine. "Mama," nikasema, "tulia, hajamaliza." Nikarudisha nyuma, nikashusha spika za pembeni, nikapandisha ile ya kati.

"Lakini," ilisema sauti, ya chini, ya mtu anayeongea huku wenzake hawamsikilizi tena, "nikiwa kule bondeni, ukungu umefunga na nyumba siioni, namsikia. Nikimsikia najua kwangu kuko salama. Siku akinyamaza, naacha jembe narudi."

Bi Hadija alikaa. Aliomba nirudie. Nikarudia. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Tangu tumzike sijaimba," akasema. "Sikuona wa kumwimbia."

Kisha akafumbua mdomo, akaimba. Ndugu yangu, nisikufiche: marehemu alikuwa mkweli. Hata magunia yalishindwa kuimeza sauti ile. Lakini mbonyeo ulitoweka, gunia likajaa, mlango ukafunguka wenyewe, na nikasikia mabuti ya mpira yakiteremka njia ya bondeni, bila haraka, kama ya mtu anayekwenda kazini.

Juma alinipigia baadaye kunishukuru. Alisema mama yake anaimba kila asubuhi, majirani wananuna, na lile shamba la bondeni, ambalo hakuna aliyeajiriwa kulipalilia, halina gugu hata moja. Aliniuliza kama nina maelezo. Mimi ninayeeleza kila kitu nikamwambia mtandao unakatika.

Sasa nikipata kazi kwa mjane, kabla sijashusha boksi naomba nioneshwe picha ya marehemu. Wengine wananiona sina akili. Sawa. Na wewe unayetaka kufunga sinema yako, funga, usiogope waya, utaweza kabisa. Weka giza, weka spika ya kati mahali pake, meza mwangwi kwa chochote ulichonacho. Lakini kabla hujabonyeza kitufe, fikiria wote waliowahi kusema neno mbele ya kamera nyumbani kwenu wakidhani halikusikika. Kisha acha njia ya mlangoni wazi, maana kuna atakayetaka kupita.