Annastella wa Rubya, Miguu Peku

Asubuhi ya mashindano, mtangazaji mwenye kipaza sauti alimwona Annastella amesimama miguu peku katikati ya wakimbiaji, akawaambia watu wa Bukoba kwamba dada huyu wa Muleba ameamua kukimbia kiasili. Watu wakashangilia. Watu wa mjini hawana choyo cha makofi, hilo tuwape. Hakuna aliyemuuliza kama kweli aliamua.

Viatu alinunuliwa. Kaka yake Avit, dereva wa bodaboda, alivipata kwenye mitumba sokoni Bukoba, akampigia simu akicheka: "Nimekupatia raba, saizi yako hasa. Sasa ukishindwa hiyo nusu marathoni, utafute sababu nyingine." Akaanza safari ya kurudi Rubya, na lori likamkuta njiani. Raba zilifika nyumbani ndani ya begi lake, pamoja na maiti.

Mama yao, Klaudia, alifungua begi, akaona raba, akasema mwanawe hawezi kuzikwa na kandambili wakati alikuwa na viatu vizuri. Akaingia kumvisha mwenyewe. Annastella alikuwa ameketi kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni kwa ajili ya msiba, wanawake wamemzunguka, akaziona zikipita mkononi mwa mama. Aseme nini? Binti anayedai kitu cha marehemu hata kabla ya mazishi, pale kwao angesemwa mpaka azeeke. Akafunga mdomo. Avit akazikwa kati ya migomba, nyuma ya nyumba, amevaa raba.

Lakini mashindano yalikuwa palepale. Kocha mmoja alikuwa ametangaza kwamba wanawake watatu wa kwanza atawachukua kambini, wapate chakula, wafundishwe, kukimbia kuwe ndiyo kazi yao. Annastella alimaliza shule siku nyingi, na tangu hapo maisha yake yalikuwa jembe na kahawa, na mlango mwingine hakuuona. Alijaribu kuazima viatu kwa jirani, vikampwaya. Basi akajipa moyo. Tangu utoto alipanda vilima vya Rubya peku, ndoo kichwani. Lami itamfanya nini?

Hapo ndipo alipokosea. Udongo hupokea mguu, lami haipokei. Kwenye mlima wa Kibeta alikuwa wa pili, na alifurahi, kwa mara ya kwanza tangu msiba alifurahi kabisa. Walipofika Nshambya jua lilikuwa limeshapanda, na mahali palipozibwa mashimo palikuwa na kokoto zilizomwagwa ovyo. Unyayo wa kulia ukachanika. Akawa anakanyagia kisigino, kisha ubavu wa mguu, na madoa ya damu yakimfuata nyuma. Msichana mmoja akampita. Akauma meno, akashika nafasi ya tatu mpaka akauona utepe, na hapohapo mwingine akampita.

Kocha alimpa pole, pole ya kweli, kisha akaondoka na watatu wake.

Nyumbani, Klaudia alimkalisha kwenye kigoda, akaleta beseni la maji ya moto yenye chumvi. Alipoona nyayo zile aliguna tu, akaanza kuziosha polepole.

"Mwana wange, ungeniambia huna viatu. Ningeuza hata mbuzi."

Annastella alikuwa amechoka mno kutunga uongo.

"Vilikuwepo, Mama. Zile raba Avit alininunulia mimi. Alinipigia simu asubuhi ile."

Mikono ya mama ikasimama ndani ya maji. Alitazama mlango wa nyuma, upande wa migomba, kisha akautazama mguu wa binti yake aliokuwa ameushika, akaupima kwa kiganja.

"Zilimkataa," akasema. "Nilisukuma nikashindwa. Nikamkunja vidole ndipo zikaingia. Nilidhani amevimba."