Kona Aliyoijua Dorkasi

Wifi yangu Dorkasi ndiye mwanamke wa kwanza wa huku kwetu Lukozi kuingia mashindano ya rali, na mtu asinibishie, maana mimi Loveness ndiye niliyekuwa namfulia ovaroli. Udereva alijifunzia kwenye pikapu ya kabichi, kuteremka kona za mlima kutoka Soni hadi Mombo. Msimu wa kwanza wa rali alimaliza wa tisa. Wa pili akamaliza wa tano, na Subaru kuukuu ya baba yangu.

Sasa kasheshe ni huyo baba yangu. Gari la rali lina watu wawili, dereva na msoma ramani anayemtajia kona kutoka kwenye daftari. Baba, Mzee Zabron, akasema mkwe wake hatajifungia garini na mwanaume wa watu, msoma ramani atakuwa yeye. Kaka yangu Fanueli akakubali, angesema nini? Na kwetu mkwe hamkosoi baba mkwe. Hata jina lake halitaji.

Juni iliyopita tulikwenda kushindana Tanga. Timu moja ya Arusha ilikuwa inamtazama Dorkasi, wampe gari lao zuri na msoma ramani wao, dada mzoefu. Kuingia hatua ya mwisho alikuwa wa pili. Baba akalamba kidole, kama anavyofungua kitabu cha nyimbo kanisani, akafunua kurasa mbili kwa pamoja.

“Kulia, nyepesi,” akasoma.

Dorkasi alijua ni kushoto, tena kali. Daftari aliliandika mwenyewe.

“Nilimsubiri ajirekebishe, wifi,” aliniambia baadaye.

Gari halisubiri. Liliingia mtaroni, kwenye mkonge.

Mimi na mafundi tulifika mbio, tukawakuta wazima. Nikaokota daftari, nikaona lilipofunguliwa, nikaelewa. Bwana mmoja wa ile timu ya Arusha, Benjamini, naye akafika, wala hakuwa na ukali.

“Dada, niambie kitu kimoja tu. Kosa ni la msomaji au la dereva? Kama ni la msomaji, kiti ni chako. Msomaji ninaye.”

Baba akamuwahi. “Huyu binti alichanganya kulia na kushoto.”

Benjamini alikuwa anamtazama Dorkasi. Moyoni nilikuwa namsihi aseme, neno moja tu, aseme. Akainamisha kichwa.

“Ni mimi,” akasema.

Nilimkasirikia baba. Lakini daftari nilikuwa nalo mkononi, na mimi si mkwe, mimi ni mtoto wa kumzaa, ningeweza hata kumnyooshea tu yule bwana alione. Nikalifunga. Najichukia kwa hilo hadi leo.

Kiti akapewa binti wa Moshi. Dorkasi amerudi kwenye kabichi, na kila asubuhi kabla ya kuwasha pikapu anapita kwa baba, anapiga goti, anasema shikamoo. Baba anaitikia marahaba, anamwambia aendeshe polepole.