Mududu wa foteyi yangu

Leo mududu mudogo sana amenipatisha haya mbele ya jirani.

Munajua miye natumika mu labo, tunapima ADN (DNA) ya badudu wenye kutoboa mbao, tujue ni wa aina gani.

Siku mingi unga wa mbao inaanguka mu salon yangu. Nilisema wazi: ni meza yenye Papa Ilunga, jirani yetu menizie, fundi wa mbao, alinitengenezea; ametumia mbao mubaya ya Kapolowe.

Yeye alijibu pole tu: "Mama Gracia, weye uko na mashini. Uliza mududu mwenyewe."

Basi nikakamata mududu moja mu ule unga, nikapeleka muguu yake moja ku labo.

Asubuhi jibu imetoka. Si mududu wa huku. Anatoka ngambo, anasafiri mu palete za mbao zenye kuleta mashini ya mugodi.

Na foteyi yangu, kile kiti kikubwa cha salon nilitengeneza na palete, mukaipenda sana hapa ku picha?

Nimeigeuza. Matundu tupu.

Nimeenda kuomba musamaha. Papa Ilunga alileta kiberiti.

Tunaichoma saa hii, mbele haijaambukiza parcelle yote, nyumba na kiwanja.

Wote mulioweka like, mukikuja kunisalimia, kila muntu na kiti yake.