Simu ya Mama Zaituni

Mwanangu, iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hadi leo nikiikumbuka uso unapata joto. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwandishi wa programu katika kampuni ndogo karibu na Zone Industrielle, eneo la viwanda la mji wetu. Tulikuwa tunatengeneza programu ya simu ya kumwezesha mgonjwa kuongea na daktari bila kwenda kupanga foleni. Sehemu yangu ilikuwa sauti. Mtu akiwa katikati ya maongezi, akivaa ekuteri zake masikioni au akizivua, sauti ihame vizuri na simu isikatike.

Kazi hiyo huonekana ndogo mpaka uifanye mwenyewe. Ekuteri zisizo na waya huisha chaji ghafla, na programu lazima iamue papo hapo sauti iende wapi. Mimi niliamua iende kwenye spika kubwa ya simu, ili mgonjwa asipoteze hata neno moja la daktari. Mwenzangu Égide, aliyekaa meza ya pili, aliusoma mstari huo wa programu akakunja uso.

"Claudine, na kama mutu ako mbele ya watu?"

"Atapunguza sauti mwenyewe," nilimjibu, wala sikugeuza kichwa. Tulikuwa tumechelewa, na mimi, sikufichi, nilipenda sana kusifiwa kwamba namaliza haraka.

Wiki chache baada ya programu kuanza kutumika, asubuhi hiyo ninayokuambia, akaja ofisini mama mmoja wa makamo, kajitanda mtandio wa kijani. Ndiye Mama Zaituni, muuza vipuri vya pikipiki kule mtaa wa Buyenzi. Aliweka simu yake juu ya meza, akatueleza taratibu. Alikuwa dukani, ekuteri masikioni, daktari akimpa majibu ya uvimbe wa titi. Katikati ya maneno ekuteri zikazima. Sauti ya daktari ikatokea kwenye spika mbele ya mafundi watano waliokuwa wanangoja vipuri: ni kansa, itabidi apasuliwe. Alihangaika kuizima, asijue pa kubonyeza. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umejua. Binti yake Rehema alikuwa njiani akitoka chuoni, mtu asiyemfahamu vizuri akamsimamisha kumpa pole, naye hakujua ni pole ya nini.

Nilijua kosa ni la nani. Lakini unajua nilisema nini?

"Mama, ekuteri zako ndizo zilikwisha chaji. Programu ilifanya kazi yake."

Mama Zaituni hakupandisha sauti.

"Mi sikuje kugombana, binti yangu. Nataka kujua kitu kimoja. Wakati ulikuwa unaandika hii, uliniwaza mi niko wapi?"

"Nyumbani, mama. Peke yako."

"Nyumba yangu iko na vyumba viwili na watu nane. Apana, sina pa kukaa peke yangu. Zile ekuteri ndio zilikuwa chumba changu, na we ulifungua mulango."

Machozi yalinitoka mbele ya wote. Nikamwambia ni mimi niliyeandika, na kwamba mwenzangu alinitahadharisha nikakataa kusikia. Akaichukua simu yake juu ya meza, akasema, "Basi andika upya. Na ukimaliza, uje kujaribia kwangu, si hapa."

Ilinichukua siku tatu. Safari hii ekuteri zikizima, sauti haiendi tena kwenye spika kubwa. Simu inatetemeka, daktari anaona maandishi ya kumwomba asubiri, na mgonjwa hasikii kitu mpaka achague mwenyewe pa kusikilizia. Nikaenda Buyenzi. Égide alibaki ofisini akijifanya daktari, na Mama Zaituni akaongea naye pale dukani, katikati ya mafundi waliokuwa wakigonga vyuma. Nikazima ekuteri. Hakuna fundi aliyegeuka. Yeye akachagua, akaweka simu sikioni, akaendelea na maongezi yake. Alipomaliza akanivutia kiti na kunimiminia chai.

Alipasuliwa, akapona, alhamdulillahi kama asemavyo mwenyewe, na hadi leo anauza vipuri vyake. Lakini Rehema alikaa wiki nyingi akimwuliza mama yake kwa nini mtaa ulijua kabla yake. Hilo sikuweza kulirekebisha kwa mstari wowote wa programu.

Sasa nawe, mwanangu, umeanza kazi hii. Kabla ya kuamua sauti ya mtu iende wapi, fikiri ni nani amesimama karibu naye. Ikiwa hujui, inyamazishe kwanza, umwachie yeye kuchagua. Mwenzako akikuuliza swali, geuka umtazame, hata kama kazi imechelewa. Na ukimkosea mtu, usimtupie lawama ili wewe upumue. Sema, "Ni mimi," kisha ukatengeneze. Mungu akujalie mikono hodari na moyo wa subira. Wote watakaoshika ulichokitengeneza wawe salama, na jina lako litajwe kwa wema hata na wale ambao hutawaona kamwe.